Mgongo wangu na saa za umeme

Kazi yangu ni kunukuu sauti. Watafiti huzunguka vijijini na mitaani wakirekodi mazungumzo kwa Kiswahili, kwa Kimashi au kwa Kihavu, kisha rekodi hizo huletwa kwetu Bukavu, mashariki mwa Kongo, ili tuzisikilize, tuziandike neno kwa neno na kuzitafsiri kwa Kifaransa. Nilianza mwaka 2014 nikiwa na kompyuta mpakato moja, meza ya chakula na kiti cheupe cha plastiki, cha aina ile ile inayokodishwa kwa harusi na misiba. Saa moja ya sauti iliyorekodiwa vizuri hunichukua saa tano au sita kuiandika. Iliyorekodiwa sokoni, watu wakisemezana kwa pamoja, huweza kumaliza siku nzima. Nasi tunalipwa kwa dakika ya sauti, hatulipwi kwa saa za kazi, na hilo ndilo lililonifanya kwa miaka minne nione kila kuinuka mezani kuwa hasara.

Jambo la pili ni umeme. Mtaani kwetu, kwenye kilima cha Kadutu, umeme huja kwa zamu ambayo hakuna aijuaye. Huweza kukosekana mchana kutwa ukarudi saa nne usiku, na betri ya kompyuta yangu ya wakati ule haikushika hata saa mbili. Kwa hiyo taa zikiwaka, nyumba nzima iliamka: huyu alipiga pasi, yule alichaji simu, nami nilikaa mezani nisiinuke mpaka taa zizimike tena au jogoo awike. Nimekwisha kusoma maelezo mengi kuhusu maumivu ya mgongo kwa watu wa ofisini, na karibu yote yameandikwa kwa ajili ya mtu anayeingia kazini asubuhi na kutoka jioni. Sikuona hata moja linalomfikiria mtu anayekaa saa sita mfululizo usiku kwa kuogopa kwamba umeme utakatika kabla hajamaliza. Naandika haya kwa ajili ya huyo.

Maumivu hayakunijia ghafla. Mwaka wa kwanza yalikuwa uchovu tu chini ya kiuno, ule unaoondoka ukishalala. Mwaka wa pili yalianza kuningoja asubuhi, nikawa nikiinama kuvaa viatu natafuta ukuta wa kushika. Mwaka wa tatu nilikuwa nimezoea kukaa nikiegemea upande wa kushoto, na mume wangu akaniuliza jioni moja, "Mama watoto, mbona siku hizi unatembea kama mtu aliyebeba kitu?" Sikumjibu la maana. Nilikuwa na umri wa miaka 34, na niliamini kwamba mgongo ni ugonjwa wa wazee, au wa wale mama wabebaji tunaowaona kila siku wakipanda vilima vyetu na magunia mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso. Mtu anayeshinda ameketi angeumwaje mgongo?

Alfajiri moja ya Machi 2018, nikiwa mezani tangu saa sita usiku, mama jirani aligonga dirisha: "Maji yamekuja!" Maji ya bomba nayo huja kwa zamu, na anayechelewa hukuta foleni. Niliinuka kwenye kiti baada ya karibu saa tano za kuinamia kompyuta, nikachukua bidoni la lita 20, nikashuka hadi bombani, nikalijaza, nikainama na kulinyanyua kwa mkono mmoja kama nilivyofanya tangu utotoni. Nilihisi kitu kikikaza chini ya kiuno, kisha mwili ukakataa kunyooka. Nilibaki nimeinama, mikono juu ya magoti, maji yakinimwagikia miguuni, mpaka mama jirani na binti yake waliponishika makwapani na kunirudisha nyumbani hatua kwa hatua.

Yaliyofuata nayasimulia kwa kuwa nimeona wengi wakiyarudia. Nililala kitandani siku tano, nikiinuka kwa haja tu, kwa maana kila aliyekuja kunisalimia aliniambia nisijisogeze. Mama mkwe wangu alinikanda kwa kitambaa na maji ya moto, na hilo kwa kweli lilinipa nafuu, kwani joto hulegeza misuli iliyokaza. Lakini siku ya tano nilipojaribu kusimama nilikuwa dhaifu kuliko siku ya kwanza. Kisha nikanunua sindano za diklofenaki kwenye duka la dawa bila cheti cha daktari, nikachomwa siku sita mfululizo. Maumivu yalipungua, tumbo likaanza kuwaka, na baadaye nikaelezwa kwamba dawa za jamii hiyo zikitumiwa ovyo huweza kuleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo. Nilinunua pia mkanda mpana wa kufunga kiuno, nikauvaa miezi miwili mchana na usiku. Miaka mingi baadaye, nilipousoma mwongozo ambao Shirika la Afya Duniani lilitoa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno, nilikuta mikanda ya namna hiyo imetajwa miongoni mwa mambo yasiyopendekezwa, pamoja na kuvuta mgongo kwa vifaa. Yaliyowekwa mbele ni kumwelimisha mgonjwa na kumpa mazoezi. Shirika hilo hilo linakadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 duniani waliishi na maumivu ya kiuno, na kwamba ifikapo 2050 watakuwa milioni 843. Nilipoziona hesabu hizo niliwaza ni wangapi kati yao wamelala kitandani kwa ushauri wa majirani wema.

Aliyenitoa huko ni mtaalamu wa kinesiterapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, yule ambaye sisi wa Bukavu humwita kwa kifupi kine. Alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ya upole, lakini asiyeruka swali. Kabla ya kunigusa aliniuliza kwanza yale ambayo sikuyatarajia.

"Mama, mkojo unatoka vizuri? Huhisi ganzi kati ya mapaja, pale mtu anapokalia?"

"Mkojo hauna shida, Mama. Ganzi pia sina."

"Mguu mmoja haujalegea? Huna homa za usiku, jasho, kupungua uzito?"

Nilimjibu kwamba sina. Ndipo aliponieleza kwamba mwenye maumivu ya mgongo akipata ganzi pale anapokalia, au akashindwa kuzuia mkojo na choo, au miguu ikaanza kulegea, anapaswa kufikishwa hospitalini siku hiyo hiyo, kwa kuwa huenda mishipa ya fahamu ya mwisho wa uti wa mgongo imebanwa na kila saa ina thamani. Homa, kukonda na maumivu yasiyotulia hata mtu akilala nayo huhitaji uchunguzi wa daktari, hata kama hayana haraka ya saa. Maumivu ya watu wengi, alisema, hayako katika makundi hayo, na kwa kawaida hutulia ndani ya wiki chache mtu akiendelea kujisogeza.

Kisha akaniuliza: "Kwa siku unakaa saa ngapi bila kuinuka?"

Nilianza kumwelezea saa zangu za kazi. Akanikatiza kwa upole: "Hizo sijaziuliza, Mama. Nimeuliza, bila kuinuka."

"Tano. Usiku mwingine sita."

Aliandika kwenye daftari lake, akanyamaza kidogo. Nilimwomba anitume nikapigwe picha ya mgongo. Alinijibu kwamba picha ataiomba ikihitajika. Akiiomba siku ile huenda ikaonyesha diski, kile kitu laini kilicho kati ya pingili za mgongo, iliyovimba kidogo, nami nikaogopa mpaka nikaacha kutembea, ilhali diski kama hiyo huonekana hata kwa watu wasioumwa kitu. Nilidhani ananibembeleza. Baadaye nilikutana na mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2015, yaliyokusanya picha za watu wasio na maumivu yoyote: kati ya wenye umri wa miaka 20, takriban asilimia 30 walikuwa na diski iliyovimba, na kati ya wenye miaka 80, takriban asilimia 84. Nikaelewa kwamba alinikinga na hofu ambayo ingeniumiza kuliko diski yenyewe.

Maelezo yake kuhusu mgongo ndiyo yaliyobadilisha namna ninavyoitazama kazi yangu, na ningependa kuyarudisha kwa uangalifu. Uti wa mgongo una pingili 24 zinazosogea, kuanzia shingoni hadi kiunoni, na kati ya pingili na pingili, isipokuwa zile za juu kabisa, kuna diski, kitu laini chenye maji mengi kinachobeba uzito na kuruhusu mwili upinde. Kwa mtu mzima diski karibu hazina mishipa ya damu ndani yake. Chakula na maji yake huingia kwa kupenya taratibu kutoka kwenye mifupa ya jirani, na kupenya huko husaidiwa na kubanwa na kuachiliwa, kubanwa na kuachiliwa, kama inavyotokea mtu anapotembea, anapoketi na kuinuka, anapolala na kuamka. "Ni kama sponji ya kuoshea vyombo," alisema mama kine. "Ukiikalia usiku kucha, itanyonya maji saa ngapi?"

Kuhusu bidoni alinieleza jambo ambalo sijaliona likisemwa vya kutosha. Mtu akikaa ameinama kwa muda mrefu, kano zinazoshikilia pingili kwa nyuma huvutika na kulegea, na hazirudi mahali pake mara tu anaposimama. Zinahitaji dakika kadhaa. Katika dakika hizo mgongo haujapata ulinzi wake wa kawaida. Mimi nilitoka kwenye saa tano za kuinama nikaenda moja kwa moja kunyanyua kilo 20 nikiwa nimejikunja. Bidoni lile lile, ningelinyanyua baada ya kutembea kidogo uani, pengine lisingenifanya lolote.

Kwa kuwa kazi yangu ni maandishi, nilitaka kuona yaliyopimwa. Katika miaka ya 1960 daktari wa Sweden, Alf Nachemson, alipima shinikizo ndani ya diski za kiuno na kuona kwamba linapanda mtu akiketi kuliko akisimama, na wengi bado wanafundisha hivyo. Mwaka 1999 watafiti wa Ulm, Ujerumani, wakiongozwa na Hans-Joachim Wilke, waliingiza kipimo kidogo katika diski ya mtu mmoja aliyejitolea, kati ya pingili ya nne na ya tano za kiuno, wakaifuatilia katika shughuli zake za mchana na usingizi wa usiku. Kwake yeye, kuketi kwa utulivu kulileta shinikizo dogo kidogo kuliko kusimama. Alipoinama na kunyanyua mzigo wa kilo 20 mgongo ukiwa umejikunja, shinikizo lilipanda zaidi ya mara nne ya lile la kusimama. Alipokunja magoti lilipungua, na alipoushika mzigo karibu na kifua lilipungua zaidi. Kilo 20 ndio uzito wa maji ya bidoni langu. Niliposoma hayo niliacha kutafuta mkao mmoja ulio sahihi kuliko yote, kwa maana hakuna mkao ambao sponji ile inaweza kuuvumilia saa sita.

Hata hivyo sikufika huko kwa njia iliyonyooka. Novemba 2018, nikiwa nimepata nafuu, nilinunua kiti cha ofisini cha mtumba, chenye magurudumu na mgongo unaorekebishika, kwa dola 90. Zilikuwa pesa nyingi nyumbani kwetu. Niliamini nimemaliza tatizo, na kwa wiki kadhaa ilionekana hivyo. Februari iliyofuata maumivu yalirudi, tena hadi kwenye nyonga. Nilipokaa chini kufikiri niligundua kwamba kiti cha plastiki, kwa ubaya wake wote, kilikuwa kikinilazimisha kujigeuza na kuinuka kwa kuwa kiliniumiza makalio. Kiti kipya kilikuwa kizuri mno, nikakikalia saa saba. Sisemi kiti kizuri hakina faida. Ninasema kwamba nilitumia dola 90 kuongeza muda wa kukaa.

Meza niliirekebisha kwa vitu vya nyumbani, na hapo sina mengi ya kusema kwa sababu mambo ni mepesi. Meza za chakula nyingi zina urefu wa sentimita 75 hivi, nami nina urefu wa sentimita 156: nikipandisha kiti mpaka viwiko vilingane na meza, miguu huning'inia. Nilikwenda kwa seremala wa mtaani nikamwambia, "Papa, nahitaji kibao cha kukanyagia, ila unipime nikiwa nimeketi." Alikuja na rula yake, akapima, akanitengenezea kibao cha sentimita 12 kwa mabaki ya mbao za kitanda. Nyuma ya kiuno huweka kikwembe, yaani kitenge, kilichokunjwa na kufungwa kama mto mdogo. Kompyuta mpakato ina kasoro ambayo haiwezi kuepukika, kwamba kioo na kibodi vimeungana: ukiweka mikono mahali pazuri, macho yanaangalia chini, na kichwa cha mtu mzima, chenye uzito wa kilo nne hadi tano, kinabaki kimening'inizwa na misuli ya shingo. Nimeipandisha juu ya kamusi mbili nene hadi ukingo wa juu wa kioo ulingane na macho, umbali wa mkono mmoja, na nimenunua kibodi ya pembeni. Kati ya vyote nilivyonunua, kibodi hiyo ndiyo iliyokuwa na bei ndogo na manufaa ya haraka.

Lakini kuinuka ndiko kulikonishinda. Niliweka kengele ya simu ilie kila nusu saa. Siku tatu za kwanza niliitii. Siku ya nne niliizima nikiwa katikati ya sentensi, na baada ya wiki nilikuwa naizima bila hata kuisikia. Ukiwa umevaa vifaa vya kusikilizia masikioni, mzee mmoja wa Kabare anasimulia jinsi alivyopoteza shamba lake, huwezi kumkatiza kwa sababu simu imelia. Nilijilaumu kwa uvivu mpaka mama kine aliponiambia nitazame kinachonishikilia pale kitini badala ya kujilaumu. Nilipotazama niliona vitu viwili, vile vile nilivyoanza navyo simulizi hii: malipo ya dakika na hofu ya umeme.

Kuhusu malipo, nilibadilisha namna ya kukata kazi. Sasa kila rekodi naigawa kwanza katika vipande vya dakika tano. Kipande cha dakika tano hunichukua kati ya dakika 25 na 30 kukiandika, na kikiisha, kazi yenyewe imenipa mahali pa kusimama; sihitaji kengele. Nikimaliza kipande nainuka, nakisikiliza kinachofuata mara ya kwanza nikiwa natembea uani au nimesimama dirishani, bila kuandika neno, kisha narudi mezani nikiwa nimekwisha kujua nani anasema na wapi sauti inapotea. Nilidhani nitapoteza muda. Kwa daftari langu la miezi mitatu, dakika za sauti nilizokamilisha kwa siku hazikupungua, na makosa ya kusahihisha yalipungua, kwa kuwa usikilizaji wa kwanza ulikuwa unafanywa na mtu ambaye mwili wake umeamka. Huu ndio utaratibu ninaoutetea kwa yeyote anayefanya kazi ya kunukuu, na ningeomba wanaotupa kazi hizo wautambue: anayelipwa kwa dakika atakaa mpaka aumie, asipopewa sababu ya kuinuka ambayo iko ndani ya kazi yenyewe.

Hofu ya umeme iliisha kwa paneli ya jua. Tuliweka akiba miezi kumi, na mwishoni mwa 2019 tukafunga paneli moja na betri inayotosha kompyuta, taa mbili na simu. Tangu hapo nafanya kazi mchana na kulala usiku. Nikijumlisha yote, paneli hiyo imeufanyia mgongo wangu mengi kuliko kiti, mkanda na sindano kwa pamoja, na sijawahi kukuta paneli ya jua ikiandikwa katika orodha yoyote ya kinga ya maumivu ya kiuno. Najua si kila nyumba inaweza. Wenzangu wasioweza wameanza kukutana wawili au watatu katika nyumba yenye umeme wa uhakika kwa saa za mchana, wakichangia mafuta ya jenereta, na hilo nalo limewatoa kwenye mikesha.

Kazi za nyumbani zilihitaji kutazamwa pia, kwa sababu mgongo ni ule ule mezani na jikoni. Usiku diski hunyonya maji na kujaa. Ndiyo maana mtu akiamka huwa mrefu kwa sentimita moja au mbili kuliko jioni, na ndiyo maana saa ya kwanza ya asubuhi si saa nzuri ya kuinama sana. Kwetu hiyo ndiyo saa ya kufagia kwa fagio fupi na kupiga deki kwa kitambaa, miguu imenyooka, kichwa kimeshuka hadi magotini. Nilihamisha deki hadi saa tatu asubuhi na kufunga mpini mrefu kwenye fagio. Mama mkwe wangu, ambaye aliona jambo hilo kuwa geni kwa nyumba yenye heshima, alinitazama wiki nzima bila kusema neno. Baada ya mwezi aliomba fagio lake nalo lifungwe mpini. Maji nayo: sasa nachota katika mabidoni ya lita 10, moja kila mkono, na sinyanyui kitu kabla sijatembea dakika chache tangu nitoke mezani.

Mazoezi niliyopewa ni machache, nami huyafanya juu ya mkeka kabla ya kuoga. La kwanza ni kupiga magoti na kuweka viganja chini, kisha kunyoosha mkono mmoja mbele na mguu wa upande mwingine nyuma, kukaa hivyo pumzi chache bila kiuno kuyumba, na kubadilisha. La pili ni kulala ubavu na kujiinua kwa kiwiko na goti mpaka mwili unyooke. Yote mawili hufundisha misuli inayozunguka kiuno kufanya kazi pamoja bila kuukunja mgongo. La tatu ni kulala chali, magoti yamekunjwa, na kuinua makalio, kwa maana misuli ya makalio ya mtu anayeshinda ameketi husahau kazi yake. Na zaidi ya hayo ni kutembea. Bukavu haikupi njia ya kutembea bila kupanda. Nikishuka kutoka Kadutu hadi Nyawera kununua sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, na kurudi kwa miguu badala ya kupanda pikipiki, nimekwisha kufanya kazi ambayo hakuna mashine ya mazoezi inayoishinda. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa mtu mzima angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa nguvu ya wastani. Vilima vyetu hunitimizia hizo kwa siku nne.

Machi 2020, shule zilipofungwa kwa ajili ya korona na watoto wote watatu wakaikalia meza yangu kwa masomo, nilifanya kazi kitandani wiki mbili, kompyuta juu ya mapaja, na shingo ikanifunga. Niliweka kompyuta juu ya kabati la vyombo nikaandika nikiwa nimesimama, na kusimama saa nne nako kukaniumiza miguu na kiuno. Tuligawana meza kwa zamu, na zamu hizo zikawa ndizo mapumziko yangu.

Mwaka 2021 nilikabidhiwa kusimamia kundi la wanukuzi sita, na hapo nilijifunza kutojiamini kupita kiasi. Kijana mmoja alilalamika mgongo wa katikati, nikamfundisha vipande vya dakika tano, nikampa kikwembe, nikamwonyesha mazoezi. Hakupata nafuu. Siku moja aliniambia, "Mama, usiku ndiyo mbaya zaidi, natoka jasho mpaka shuka linalowa," nami nikakumbuka maswali ya mama kine, ambayo kwa haraka yangu ya kufundisha sikuwa nimemuuliza. Nilimsindikiza hospitalini siku iliyofuata. Ilikuwa kifua kikuu cha mifupa ya mgongo, ugonjwa ambao daktari wa Kiingereza Percivall Pott aliueleza tangu mwaka 1779 na ambao katika nchi yetu haujatoweka. Dawa zake hutolewa bure, matibabu yalikuwa ya miezi mingi, na alipona akarudi kazini. Tangu siku hiyo hakuna ninayemwonyesha zoezi hata moja kabla sijamuuliza kuhusu homa, jasho, uzito, ganzi na mkojo, hata kama namwona ana nguvu na anacheka.

Septemba 2022 mgongo ulinikamata tena. Tulikuwa tumepewa siku nne kwa kazi ya siku kumi, betri ya paneli ilikuwa imechakaa, nikakesha kama zamani. Nilipoamka siku ya tatu sikuweza kunyooka. Safari hii nilimpigia mama kine simu, akaniuliza maswali yake yale yale, kisha akaniambia ninywe parasetamoli, niweke kitambaa cha moto, na nisilale mchana. Nilitembea uani dakika tano, nikapumzika, nikatembea tena, mume wangu akitembea kando yangu asubuhi ile bila kunishika. Siku ya pili nilirudi mezani kwa kipande kimoja cha dakika tano, nikainuka. Siku ya nne nilikuwa nimefikia vipande sita, na mwenye kazi nikamwandikia kwamba itachelewa kwa wiki moja. Alikubali siku hiyo hiyo, kwa mistari miwili.